Kuvu nyeusi ukutani na mtoto wa miezi minne: nianzie wapi?

Mama wa Isanga (Mbeya)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu jambo linalonikosesha usingizi tangu mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipokolea. Tumepanga nyumba huku Isanga, upande wa mlimani, yenye vyumba viwili na sebule, iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma na kupigwa plasta. Kama nyumba nyingi za huku kwetu, kiwanja kilipatikana kwa kukata mlima, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa chumba tunacholala umekaribiana mno na ukingo wa udongo. Kati ya ukuta na ukingo mtu mzima hupita kwa ubavu tu, na kuna sehemu udongo umeporomoka ukauegemea ukuta hadi usawa wa kiuno changu.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa kumi na sasa ana miezi minne. Kitanda chetu kiliegemea ukuta huo wa nyuma, naye hulazwa upande wa ukutani kwa sababu ninaogopa asianguke. Wiki iliyopita nilivuta kitanda ili nifagie, nikakuta ukuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa godoro, umejaa madoadoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa na kumwagwa juu ya rangi ya maziwa. Nilipoinua godoro niliona upande wa chini una mabaka ya kijani yenye manyoya, na chaga mbili zimelowa kabisa. Sweta ya mtoto ambayo mama yangu aliifuma kwa mkono wake huko Makete, na ambayo niliikunja vizuri na kuihifadhi kabatini, imetoka madoa kwenye mikono na inanuka uvundo usiotoka hata baada ya kuifua mara mbili.

Mwenye nyumba alipaka rangi mpya mwezi wa kumi na moja, kuvu ikarudi kabla ya Krismasi. Sasa anatuambia kwamba kosa ni letu kwa kuwa tunafunga madirisha. Ni kweli tunayafunga, kwani baridi ya huku mnaijua, na mtoto bado ni mchanga.

Mtoto ana mafua yasiyoisha, pua humziba usiku, na anakohoa hasa alfajiri. Ananyonya vizuri na anacheka. Juu ya ulimi ametoka utando mweupe, na mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana na ndiye aliyenitunza wakati wa uzazi, anaamini kwamba fangasi wa ukutani ndiye aliyeingia kinywani mwa mjukuu wake. Jirani naye ananishauri niingize jiko la mkaa chumbani kila jioni ili ukuta ukauke, na dukani Mwanjelwa nimeoneshwa dawa tatu tofauti ambazo muuzaji alizisifia zote kwa pamoja. Je, mtoto aendelee kulala humo? Ninunue dawa ipi? Na huu mzigo ni wa nani, wetu au wa mwenye nyumba?

Muuguzi mstaafu (Njombe)

Kamwene, mwanangu, na pole sana kwa mahangaiko. Nimefanya kazi kliniki ya watoto kwa miaka mingi katika baridi hii hii ya nyanda zetu, na jibu la swali lako la kwanza silicheleweshi: leo hii mtoto ahame chumba hicho. Kulaleni sebuleni, hata kama ni kwa kubanana, na mlango wa chumba kile ufungwe. Ukuta unaweza kusubiri mwezi mzima, lakini kifua cha mtoto wa miezi minne hakisubiri, kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba, anapumua haraka kuliko sisi, na anashinda humo ndani saa nyingi zaidi ya mtu yeyote katika nyumba.

La jiko la mkaa ninakuomba kama mama: usithubutu. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala huzidiwa bila kushtuka. Nimepokea familia iliyotolewa chumbani alfajiri kwa sababu ya jiko lililoingizwa kwa nia njema kabisa, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Sasa tumwangalie mtoto mwenyewe. Atakapokuwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, shika saa, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka kupita kawaida na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. (Aliye chini ya miezi miwili kipimo chake ni 60, na aliyetimiza mwaka hadi miaka mitano ni 40, ninaviandika kwa ajili ya wengine wanaosoma.) Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea isivyo kawaida au amepata degedege, usihesabu chochote, nenda mara moja hata kama ni usiku wa manane. Kikohozi kikifikisha wiki mbili kinahitaji uchunguzi hata kama mtoto anaonekana mchangamfu, kwa sababu kuna magonjwa mengine, kifua kikuu kikiwamo, ambayo hatupaswi kuyafunika kwa jina la kuvu. Wewe umesema mafua hayaishi, kwa hiyo kwa vyovyote mpeleke wiki hii, na umweleze mhudumu habari za huo ukuta, maana asipoelezwa hatajua kuuliza.

Kuhusu utando wa ulimi, mweleze mama mkwe kwa upole kwamba hao ni fangasi wa aina nyingine kabisa. Wa kinywani huishi katika miili yetu sisi wenyewe, na huhama kati ya kinywa cha mtoto na chuchu za mama, ndiyo maana mara nyingi mama na mtoto hutibiwa pamoja kwa dawa ya kituoni. Ukuta hauhusiki, na ukuta ukikauka utando hautaondoka kwa sababu hiyo. Vilevile mtu asimlambishe asali kwa ajili ya kikohozi. Najua asali ya Chunya inavyosifiwa, lakini kwa aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vimelea vinavyopooza mwili.

Kuna watakaokuambia kwamba kuvu kidogo haina neno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na halikuweza kutaja kiwango cha kuvu ambacho ni salama; lilichosema ni kwamba wanaokaa katika nyumba zenye unyevu hupata zaidi dalili za njia ya hewa na pumu, na kwamba njia ni kuzuia unyevu wenyewe.

Fundi wa Uyole

Shikamoo mama muuguzi. Dada wa Isanga, habari za majukumu.

Mimi ni fundi uashi, na nyumba zilizokatiwa mlima nimezijenga na kuzirekebisha nyingi kuanzia Itiji hadi huko kwenu. Ninakusihi usinunue dawa hata moja kati ya hizo tatu kabla hujajua maji yanatoka wapi. Kuvu ni kama magugu: mbegu zake zimo hewani kila mahali, na zinaota pale tu zinapopata maji. Mwenye nyumba alipaka rangi juu ya ukuta uliolowa, na kama ni rangi ya mafuta basi ameyafungia maji ndani, kwa hiyo yalikuwa lazima yatafute pa kutokea.

Maji ya ukutani yana asili tatu. Yakitoka juu, yaani kwenye bati lililotoboka msumari au kofia iliyoachia, utaona doa la kahawia lenye ukingo kama ramani, nalo hushuka. Yakitoka chini au ubavuni, kwenye udongo, doa hupanda kutoka sakafuni na mara nyingi hukoma kabla ya kufikia mita moja hivi, rangi huvimba na kupukutika, na ukipitisha kidole unaona unga mweupe. Unga huo si kuvu, ni chumvi ya udongo na ya saruji iliyobebwa na maji. Uguse kwa tone la maji utaona unayeyuka, wakati kuvu haiyeyuki. Yakitoka hewani, yaani mvuke wa ndani ya nyumba, madoa hukaa pembeni mwa chumba, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda na kuzunguka fremu za madirisha, na asubuhi vioo hutiririka machozi.

Kipimo ninachokitumia mimi ni cha bure. Kata vipande viwili vya nailoni angavu, ukubwa wa daftari la shule, ukaushe ukuta kwa kitambaa, kisha ubandike kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo. Kimoja kiweke ukuta wa nyuma, nusu mita kutoka sakafuni, na kingine ukuta wa pembeni kwa kimo hicho hicho. Viache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande uliogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, maji yanatoka hewani. Yakiwa pande zote mbili, basi una kazi mbili.

Lakini kwa maelezo yako ule udongo ulioegemea ukuta ninauona kama mhalifu mkuu. Matofali ya kuchoma yanafyonza kama sifongo, na nyumba nyingi za zamani za huku msingi wake hauna ile nailoni nzito tunayoiita DPC, inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza ili kuzuia maji yasipande. Hata ikiwapo, udongo ukiegemea juu yake maji yanaingia kwa ubavu na nailoni haina kazi tena. Udongo huo uondolewe kwa koleo siku kavu, taratibu, na ukingo wenyewe usiguswe wakati wa mvua, kwa sababu mlima uliolowa unaua. Masika yakiisha, nafasi ipanuliwe hadi walau mita moja, ukingo ujengewe ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, na chini ya ukuta wa nyumba uchimbwe mtaro ulio chini zaidi ya usawa wa sakafu yenu ya ndani. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanachimba mtaro wa kina cha kiganja, maji yanapita juu ya usawa wa sakafu na kuendelea kuingia. Mtaro uwe na mteremko, na bati la nyuma lifungwe gata ili maji ya paa yasimwagike hapo hapo.

Ndani, plasta iliyooza ibanduliwe hadi nusu mita juu ya mwisho wa doa, na tofali liachwe wazi lipumue. Tulifundishwa kwamba ukuta hukauka takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo asije mtu akakupigia plasta mpya baada ya wiki mbili na kukuambia kazi imekwisha. Ukishakauka, paka chokaa badala ya rangi ya mafuta. Chokaa inapitisha hewa, na ukali wake kuvu haiupendi. Inachoma ngozi na macho ikiwa mbichi, kwa hiyo mtoto asikaribie hadi ikauke. Kama kuna ubao wa jipsamu ulioota kuvu, usihangaike kuusafisha, kwa sababu karatasi yake ndiyo chakula. Ukatwe na utupwe.

Kitu kimoja kinachonipa matumaini: mlima Loleza uko kaskazini ya mji, na kama ukuta wenu wa nyuma unatazama huko, basi ndio ukuta unaostahili jua kuanzia Machi hadi Oktoba, wakati jua linapita kaskazini yetu. Leo haulipati kwa sababu ya ule udongo.

Mama wa Isanga (Mbeya)

Mama muuguzi, shikamoo, na kaka fundi, asante. Tulihamia sebuleni usiku ule ule. Pumzi nimezihesabu mara tatu akiwa amelala, nikapata 38, 41 na 39. Kituoni wamemsikiliza kifua wakasema hakina nimonia, wakampa matone ya kinywani, na mimi pia nikapewa dawa ya kupaka.

Nailoni nimezitoa leo asubuhi mbele ya mume wangu. Ile ya ukuta wa nyuma ilikuwa na matone makubwa upande wa ukutani, hata yakadondoka nilipoachia utepe, na upande wa chumbani ilikuwa na unyevu kidogo. Ile ya ukuta wa pembeni, nyuma ilikuwa kavu kabisa, lakini mbele ilikuwa na ukungu mwembamba ambao niliweza kuandika juu yake kwa kidole. Kwa hiyo nadhani tuna kazi mbili. Sijaelewa vizuri hayo ya hewani: kama mvua haiingii ndani, maji hayo tunayaleta sisi kutoka wapi?

Mwalimu wa kemia (Mafinga)

Swali lako ni zuri, mama, nami nitalijibu kwa hesabu kidogo kwa sababu linaeleweka vizuri zaidi hivyo.

Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba hadi gramu 17 hivi za mvuke. Ikishuka hadi nyuzi 10 inabeba gramu 9 na kidogo. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita 2.7: ujazo wake ni kama mita 24. Hewa iliyojaa mvuke jioni, wakati watu wamo, wamepika na wamefunga madirisha, ikipoa usiku hadi nyuzi 10, inalazimika kutua karibu glasi nzima ya maji, na inayatua mahali penye baridi zaidi, yaani ukutani nyuma ya kitanda ambako joto la chumba halifiki. Rudia hivyo kila usiku kwa miezi mitatu.

Mvuke huo unatoka kwenye pumzi zetu, kwenye sufuria na kwenye nguo zinazoanikwa ndani. Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii. Gesi ya kupikia inapoungua hutengeneza maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa hiyo mtungi wenu wa kilo 6 ukiisha umekwisha kumwaga zaidi ya lita 9 za maji hewani kama mvuke. Simwambii mtu aache gesi arudi kwenye mkaa, hasha. Ninachosema ni kwamba jikoni dirisha liwe wazi na mlango wa kuelekea vyumbani ufungwe wakati wa kupika.

Pia angalieni vile vitundu vya hewa juu ya madirisha. Nyumba nyingi za huku kwetu nimekuta vimezibwa kwa matambara au magazeti kwa ajili ya baridi. Vizibueni, mweke wavu wa mbu. Kisha saa nne asubuhi, jua likichomoza hata kidogo, fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa robo saa, mtoto akiwa amefunikwa vizuri chumba kingine. Robo saa haipozi kuta za nyumba, lakini inaitoa hewa yote iliyolowa.

Mama Tukuyu

Mama mwenzangu, ugonile. Sisi huku Rungwe tunapata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na mwezi mkavu kwetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo watoto wangu wanne nimewalea nikipambana na huo uvundo. Nitazungumzia nepi na kusafisha, ambayo ni kazi inayotuangukia sisi.

Nepi za vitambaa ndizo zilizonishinda kwa mtoto wa kwanza. Nilikuwa ninafunga kamba chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, naanika nepi ishirini usiku kucha juu ya kichwa cha mtoto, nikidhani ninamfanyia wema. Maji yote yale yalikuwa yanaenda ukutani na kifuani mwake. Sasa kamba yangu iko barazani, chini ya bati, mahali upepo unapopita, na nepi ninazikamua mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezikunja ndani ya taulo kavu na kulisokota taulo zima. Zinazobaki na unyevu nazimalizia kwa pasi, dirisha likiwa wazi. Kama baraza huna, tumieni jikoni na mfunge mlango.

Siku ya kusafisha, mtoto aondoke nyumbani kabisa, abebwe na bibi yake hadi jioni. Vaa barakoa, glavu na kitenge kichwani. Usisugue ukuta ukiwa mkavu wala usiupige ufagio, maana zile mbegu alizozitaja fundi zitaruka chumba kizima. Kwanza lowesha kwa maji yenye sabuni ya unga, subiri kidogo, kisha futa kwa kitambaa kutoka pembeni ya doa kwenda katikati. Kitambaa kikichafuka kitupe kwenye mfuko, chukua kingine, usikisuuze kwenye ndoo ile ile. Mimi baada ya hapo humalizia kwa jiki na siki kidogo ili kuua mizizi.

Godoro la sponji likiwa limeota kuvu ndani, liage. Najua bei yake inauma, lakini sponji haisafishiki. Ukilianika jua litakauka juu tu. Jipya lisiegemee ukuta: acha upana wa kiganja kati ya kitanda na ukuta, na lisilale sakafuni. Kabati vilevile. Sweta ya bibi yake ifue kwa maji ya vuguvugu, uianike juani ikiwa imegeuzwa ndani nje kwa siku mbili tatu za jua. Ikiendelea kunuka baada ya hapo, itunze kama kumbukumbu, usimvalishe.

Muuguzi mstaafu (Njombe)

Mama Tukuyu, umesema vizuri sana isipokuwa sentensi moja, na ninakuomba uniwie radhi kwa kukusahihisha mbele za watu kwa sababu ni jambo la hatari. Jiki na siki zisikutane kamwe, iwe katika ndoo au ukutani. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na jiki ikichanganywa na dawa za usafi zenye amonia nayo hutoa sumu ya jamii hiyo. Hata mkojo una amonia, kwa hiyo jiki isimiminwe kwenye ndoo ya nepi ambazo hazijasuuzwa. Jiki peke yake, iliyochanganywa na maji tu, inafaa kwenye vigae na vioo. Kwenye plasta na tofali haifiki ilipo mizizi. Inafuta weusi, kisha maji yake yanaongeza unyevu ule ule tunaoukimbia. Sabuni inatosha.

Mama Tukuyu

Asante sana, mama. Sikulijua hilo, na nilikuwa nikikohoa kila baada ya kusafisha nikidhani ni kuvu. Sitarudia.

Mpangaji (Iringa)

Kuhusu swali la mzigo ni wa nani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba anayepangisha makazi ahakikishe yanafaa kukaliwa na binadamu, si siku ya kukabidhi ufunguo tu bali muda wote wa mkataba. Paa, kuta za nje na maji ya udongo ni vyake. Kufungua madirisha na kuanika nepi nje ni vyenu. Piga picha za ukuta, za nailoni na za ule udongo, mwandikie barua fupi yenye tarehe, na ubaki na nakala. Akigoma, mshirikisheni mwenyekiti wa mtaa kabla ya ugomvi. Usikate kodi kimyakimya kufidia matengenezo, mkubaliane kwa maandishi kwanza.

Neno lake kwamba ni nyinyi mnaofunga madirisha si geni. Uingereza, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili alifariki mwaka 2020 baada ya wazazi wake kulalamikia kuvu kwa muda mrefu na kujibiwa kwamba ni namna wanavyoishi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba kuvu ndiyo iliyosababisha, na mwaka uliofuata wenzetu wakatunga sheria inayowabana wenye nyumba za kijamii kurekebisha kasoro hizo kwa muda maalumu.

Mama wa Isanga (Mbeya)

Ninaleta mrejesho, sasa ni katikati ya mwezi wa nne. Mwenye nyumba alikuja baada ya barua. Mume wangu hakugombana naye. Alimwomba tu ashike ile nailoni kwa mkono wake aone maji yako upande gani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza fundi anataka nini. Udongo ulioegemea ukuta umeondolewa kwa siku tatu, na gata ya bati la nyuma imefungwa. Ukuta wa mawe na mtaro wa kina vitafanyika masika yakiisha, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba nusu ya fedha ya ufundi tuitangulize sisi, ikatwe kwenye kodi ya miezi sita ijayo.

Plasta imebanduliwa. Ndani yake tofali lilikuwa na rangi ya zambarau kwa kulowa, na kidole kikigusa kinatoka na tope. Sasa limeanza kurudia wekundu wake kuanzia juu. Godoro tumelitupa, vitundu vya hewa tumevizibua, na kamba ya nepi iko nje.

Mtoto alikohoa wiki mbili zaidi baada ya kuhama, tukarudi kituoni wakampima tena, kisha kikohozi kikapungua hadi kikaisha. Utando wa ulimi uliondoka kwa yale matone, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kuyaweka hadi siku ya mwisho. Sweta ya Makete imeacha kunuka, lakini mikono imebaki na madoa, na mama amesema ataifumua mikono hiyo aifume upya.

Jana nimebandika nailoni tena ukuta wa nyuma. Bado kuna matone upande wa ukutani, madogo, kama ya umande. Kwa hiyo tunaendelea kulala sebuleni, na nitaibandika nyingine mwisho wa mwezi wa sita.